Jamu ya Hilla

Wikiendi ya kwanza ya mwanangu kulala kwangu
tangu mahakama itugawie siku zake,
mamake kanikabidhi mkoba mwekundu na karatasi.
Karatasi nimeibandika frijini.
Mwandiko wa Marketta haujabadilika:
herufi zimelalia upande, kama misonobari iliyolemewa na theluji.

Insulini isigande. Ikiganda itupe, hata ikiyeyuka.
Mashine ikae ndani ya koti, baridi huifanya bubu.
Chini ya nne: juisi, dakika kumi na tano, pima tena.
Usimdunge kwa hofu.

Hilo la mwisho kalipigia mstari mara mbili.
Ananijua.

Mimi ni dereva wa malori ya magogo, Kemijärvi hadi pwani.
Uzito wa shehena naujua kwa jicho.
Barafu ya ziwa, ibebayo na isiyobeba,
naijua kwa mlio wake.
Lakini hili tone, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti,
sijui linasema lugha gani.

Saa nane usiku, kengele ya simu.
Nje thelathini chini ya sufuri,
kuta za mbao zinaalika.
Nikanyata na kurunzi, mwizi ndani ya nyumba yangu,
nikautoa mkono wa Ilmo chini ya blanketi.
Miaka tisa. Ncha za vidole zina vitundu
kama subana ya mshonaji.

Tak.
Hakuamka.
Mashine ikahesabu kurudi nyuma: tano, nne, tatu,
nami nikahesabu nayo, bila pumzi.

Kumi na tisa nukta mbili.

Kumi na tisa!
Kalamu ya insulini i mkononi, kifuniko kimeanguka, sijui saa ngapi,
napiga hesabu niliyoikosa mara tatu mbele ya nesi Sirkka
na sasa, ajabu, naipata upesi: yuniti nne.
Nne tu. Nikazungusha.
Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Changu, juu ya kitufe kile, kingevunja ukoo.

Usimdunge

"Baba." Jicho moja limefunguka.
"Uliniosha?"

Nikakinusa kidole chake.
Agosti nzima ilikuwa pale: kinamasi, mbu, ndoo zetu mbili,
hilla za rangi ya machweo, mfupa wa kiuno ukiniuma kwa kuinama.
Tulizila jioni na jibini la kuoka. Nilizipima kwa mizani,
nikazihesabu, nikazidungia haki yake.
Sikuhesabu mtoto kurudi jikoni peke yake
na kutia kidole ndani ya chupa.

Maji ya uvuguvugu. Sabuni. Taulo, kavu kabisa.
Kidole kingine.
Tano, nne, tatu.
Nne nukta tatu.

Ile sukari ya kwanza haikuwa ya damu yake. Ilikuwa ya ngozi.
Nilikuwa naenda kumtibu mwanangu jamu.

Nikampa nusu glasi ya maziwa, akanywa amefumba macho.
Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda,
kalamu nimeifunika, nimeiweka mbali, juu ya kabati,
kama bunduki.
Saa tisa: tano nukta nane.
Saa kumi na moja: sita.
Alikuwa anakoroma. Sijawahi kusikia lori linalonguruma vizuri hivyo.

Jumapili nilimrudisha.
Ilmo akapita mlangoni na viatu vyake vya theluji, tayari ana njaa.
Mimi nikabaki barazani, mkoba mkononi,
nikamwambia Marketta yote. Kifuniko. Yuniti nne. Kitufe.
Nilingoja neno la mahakama.

Alitazama theluji kwa muda,
pale gari langu lilipoacha alama.

"Mimi ilikuwa asali," akasema.
"Mwezi wa kwanza."

Akaupokea mkoba.